Yule MC wa mbio za leo Jamhuri asinisogelee kabisa

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata raba sijavua, mikono inatetemeka kwa hasira. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, hakuna harusi wala uzinduzi hapa Dodoma usiokuwa na sauti yake.

Nakaribia kumaliza, mstari naouona kabisa. Anashika maiki, anatangaza mpaka Chamwino wasikie: "Wakimbiaji wote wameshaingia, trafiki fungua barabara!" Wote! Na mimi nina namba kifuani, nakimbia, na ananitazama machoni!

Tuliambiwa saa 12 asubuhi. Tumeanza karibu saa 2 kwa kumsubiri mgeni rasmi, jua limeshapanda, upepo unakulisha vumbi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, anayeanza mazoezi anaitafuta pumzi tangu hatua za mwanzo. Kituo cha maji nakuta chupa tupu. Kilomita 5 zote sikutembea. Nasema SIKUTEMBEA. Nimelipa elfu 35 wanafunzi wapate taulo za kike, nimelipa kwa moyo mweupe, halafu mtu aniambie wote wameshaingia?

Medali naambiwa zimeisha. Mgeni rasmi anayo, dereva wake anayo, na huyo MC amevaa mbili! Amekimbia kutoka wapi kwenda wapi, kutoka kwenye spika hadi kwenye soda?

Mzee Akhwari aliingia wa mwisho kwenye marathoni ya Mexico 1968, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, na mpaka leo dunia inamheshimu. Mimi nafungiwa hesabu nikiwa nakimbia! Ananitazama machoni!

mkwepa_jua: Pole dada. Ila hizo kilomita 5 umetumia muda gani? Usiliruke swali.

Mleta uzi: Muda haukuhusu. Ni mbio za hisani. Nimeshasema sikutembea.

zabibu_chungu: Akhwari alianguka akaumia, tena kilomita 42. Wewe umeangukia wapi?

nzuguni_kwetu: Simbu, mtoto wa Singida hapo jirani, kachukua dhahabu ya dunia Tokyo 2025 kwa kumzidi Mjerumani sekunde 0.03. Kanda hii hii ya kati. Halafu kuna mtu trafiki wamemchoka.

Mleta uzi: Trafiki hawakunichoka, waliamriwa! Na nani? Na yule yule!

baba_wawili: Mimi namuunga mkono dada. Huyo MC ndiye aliyemtaja mke wangu wa zamani ukumbini siku ya harusi yangu. Mbele ya wakwe! Na hela yake nilimlipa yote.

kamati_imenichosha: Wewe ulikuwa bwana harusi, ulikula. Mimi nimechanga laki nzima, kadi ya dabo, tunafika saa 3 usiku wali umeisha. Mke wangu alilia njia nzima mpaka Ipagala.

mkwepa_jua: Michango ya harusi mji huu imezidi kodi ya nyumba.

makao_makuu: Kodi usiitaje. Tangu itangazwe 2016 kwamba serikali inahamia huku, kila chumba kinajiona kiko Masaki. Mwenye nyumba wangu hapa Kisasa anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na maji tunayaona kwa mgawo.

kamati_imenichosha: Miezi sita? Wangu anataka mwaka, na kuku wake wanalala kwenye veranda yangu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Alisema WOTE wameshaingia.

zabibu_chungu: Nkuhungu kuna chumba masta, wanapokea miezi mitatu, maji ya kisima. Anayetaka aje PM.

makao_makuu: Nakuja mkuu. Luku ya kwake au ya kuchangia?