Digrii ya muziki siyo iliyowaingiza wadukuzi Equifax, acheni hizo!

Wakuu, nimechoka. Kila tukizungumzia wakuu wa usalama wa mtandao, lazima atokee mtu aifukue Equifax, ile kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, iliyodukuliwa 2017: "Si ndiyo ile kampuni ambayo mkuu wake wa usalama alisomea muziki?" Basi, vicheko, mjadala umekufa.

Hivi mnajua kilichotokea lakini? Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, cha Apache Struts (programu ya kujengea tovuti waliyoitumia) kilitoka Machi 7, 2017. Ndani ya kampuni ikapita barua pepe: zibeni kabla ya saa 48 kwisha. Halikuzibwa, na ukaguzi uliofuata haukuliona. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia, wakakaa humo hadi mwisho wa Julai wakichota taarifa za watu wapatao milioni 147. Kifaa cha kuchunguza mawasiliano kilikuwepo! Ila cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda miezi mingi nyuma, hakuna aliyekihuisha, kikawa hakioni kitu. Isitoshe, idara ya usalama iliwekwa chini ya mkuu wa sheria, mbali na watu wa tehama wenye seva zao. Nionyesheni muziki umeingilia wapi hapo.

Peiter Zatko, mdukuzi maarufu kwa jina la Mudge, naye kasoma chuo cha muziki, Berklee. Mwaka 1998 yeye na wenzake wa L0pht, kundi la wadukuzi, waliliambia Baraza la Seneti la Marekani kwamba wanaweza kuiangusha intaneti ndani ya dakika 30. Baadaye akaongoza miradi ya utafiti DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Na Marcus Hutchins, aliyeikata makali WannaCry, ile programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, Mei 2017 akiwa na miaka 22? Hana digrii yoyote.

Kinachonikera hasa ni kwamba kejeli hii inawafunika wahusika. Mkuu yule wa usalama wa Equifax ana lawama zake, tena nzito, lakini ni za kazi: tundu halikuzibwa, cheti hakikuhuishwa. Nyinyi mkicheka shahada yake, bodi inapumua. Haiulizwi kwa nini usalama na tehama walitenganishwa, wala nani alipaswa kuthibitisha kwamba ile amri ya saa 48 imetekelezwa. Watu wameibiwa namba za utambulisho na tarehe za kuzaliwa, vitu wasivyoweza kubadilisha kama nywila, halafu nyinyi mnajadili kozi ya chuo!

Mwenye hoja kwamba shahada ya kompyuta ingehuisha kile cheti, ailete hapa.