Uchaguzi wa 2027 waja: TV yasema hivi, gazeti lasema vile, kinyozi nimwamini nani?

Kinyozi_Likoni aliuliza:

Salaam wakubwa. Nina kinyozi huku Likoni, televisheni iko ukutani juu ya kioo, na remoti naiweka mfukoni tangu Agosti 2022.

Wanaokumbuka watakumbuka. Kura tulipiga tarehe 9, tangazo likaja tarehe 15. Siku zile za katikati duka lilijaa watu ambao hawakuja kunyolewa. Ukiweka Citizen hesabu ni hii, ukiweka NTV ni ile, KTN nayo ina yake. Mzee mmoja nilikuwa nishamnyoa upande mmoja wa kichwa, akainuka na shuka shingoni kudai nibadilishe stesheni kwa sababu "hiyo yako imenunuliwa". Mara hesabu zikaanza kujikokota, nyingine zikakwama kabisa, tukabaki na wachambuzi wanaongea.

Sasa vijana wameanza tena, safari hii na simu. Mtu aingia, akaa kwenye kiti, asoma kwa sauti makala ndefu: "Gazeti limesema fulani hana lake Pwani." Gazeti limesema! Duka zima kimya kama imesomwa hukumu. Nikiuliza nani kaandika, hajui, ni picha ya skrini katumiwa kwenye grupu.

Maswali ni mawili. Ile 2022 tulidanganywa au vipi? Na haya makala ya siasa yasomwe vipi mtu asigeuzwe mjinga? Msiniambie nizime TV, wateja watahamia kwa jirani.

Bahari_Kuu:

Ndugu yangu, usijisumbue. Standard ni ya kina Moi, K24 inahusishwa na kina Kenyatta, na mwenye Citizen alikuwa na mtu wake 2022 na hakujificha. Mie niliacha zamani. Nafuata watu wangu watatu TikTok, wasema mambo yalivyo bila mhariri wa kuwakata.

Meza_ya_Usiku:

Kinyozi, nimekaa kwenye meza ya uhariri Nairobi miaka mingi, zamu ya usiku, kazi yangu kupunguza maneno ya watu na kutunga vichwa. Nimestaafu. Sina wa kumwogopa wala wa kumpigia debe.

Nianze na 2022. Tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, moja kwa kila kituo cha kura, na vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Lakini ziliwekwa picha tu. Jumla ya kura za urais haikuwekwa. Hiyo ilikuwa ya mwenyekiti wa tume kutangaza Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura Nairobi. Kwa hiyo kila stesheni ikakalisha vijana mbele ya kompyuta: fungua fomu, soma mwandiko wa msimamizi aliyekesha, ingiza tarakimu, fungua nyingine. Chumba kimoja, mathalan, kimejaza fomu nyingi za Bonde la Ufa, kingine kiko mbele kwenye za Nyanza. Wote wawili wanajumlisha sawasawa na bado skrini zao hazifanani. Wangekuwa wametunga tarakimu, kwa maoni yangu, wangehakikisha angalau zinafanana.

Ugomvi wangu nao uko kwingine. Asilimia ziliandikwa kubwa unaziona kutoka ng'ambo ya barabara, ila fomu za wapi zimeshaingia na za wapi bado, hilo mtazamaji ilibidi akisie. Kisha walipopunguza mwendo na wengine kusimama, hakuna aliyekaa mbele ya kamera akaeleza vizuri kwa nini. Fomu zilikuwa wazi kwa kila mtu, hata kwako wewe na simu yako. Ukimya ule ndio uliowapa watu wa grupu nafasi ya kujaza chochote.

Sasa makala. Gazeti halijasema. Gazeti limempa mtu ukurasa aseme yake. Likitaka kusema lenyewe husema kwenye tahariri, na tahariri kwa kawaida haina jina la mtu. Halafu kichwa mara nyingi hakitungwi na mwandishi wa makala. Nilikuwa nakitunga mimi, usiku, mtambo unasubiri, nafasi ya maneno sita. Mwandishi kasema "huenda akapata taabu Pwani", mimi nina maneno sita, hiyo "huenda" haitoshei. Asubuhi mwandishi anapiga simu akilalamika, na ana haki.

Jambo la pili, na hili ndilo ningekuomba ulitazame kwenye simu za hao vijana. Chini kabisa ya makala ya maoni kuna mstari mdogo wa herufi za mlazo: mwandishi ni wakili, mwandishi ni mhadhiri, mwandishi ni mshauri wa mawasiliano wa kiongozi fulani. Nimeona makala zikianza kama uchambuzi wa mtu baki, zinapima huku na huku, ukifika kwenye mstari ule unakuta mwandishi analipwa na anayesifiwa. Si kosa la jinai. Gazeti limekuambia, tena kwa maandishi. Lakini anayepiga picha ya skrini anakata hapo hapo, maana mstari wa mwisho hauingii. Makala inafika Likoni haina baba wala mama.

Bahari_Kuu, ya wamiliki ni kweli, na mwenye Nation pia anajulikana. Ila umemsahau anayelipia matangazo. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya wizara na mashirika yake yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali yenyewe. Chumba cha habari kinachoishi kwa matangazo hayo huhisi pigo hilo kabla mmiliki hajapiga simu. Hao watu wako watatu nao wanakula kwa nani? Gazeti likinikosea, naweza kulipeleka kwa tume ya malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Mtu wa TikTok nitampeleka wapi?

Bahari_Kuu:

Na Januari 30, 2018 walipozima Citizen, NTV, KTN na Inooro kwa sababu ya kiapo cha Raila Uhuru Park, mahakama ikasema warudishe na bado wakakaa siku kadhaa, mama, hilo baraza lako lilisaidia nini? Na Juni 25 mwaka 2025 wakarudia, marufuku kuonyesha maandamano moja kwa moja. Siku zote mbili mie niliona mambo kwenye simu.

Meza_ya_Usiku:

Uliona, na hata mimi niliona. Kamera ya mtu aliye barabarani siigombi hata kidogo. Naigomba sauti iliyowekwa juu ya video baadaye na mtu ambaye hakuwepo. Na jiulize mwanangu, kwa nini zizimwe hizo unazosema zimenunuliwa zote?

Ziwa_Victoria:

Nachungulia kutoka Mwanza. Huku kwetu swali la nani anamiliki halitoshi. Agosti 2021 gazeti la Uhuru, la CCM yenyewe, liliandika ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Hakusema hivyo. Chama kikawasimamisha viongozi wa gazeti, serikali ikalifungia siku 14. Gazeti la chama, kuhusu mwenyekiti wa chama! Ningekuwa nasoma kwa kuangalia mmiliki peke yake, hiyo ningeiamini kuliko zote.

Lingine ni lile lisiloandikwa. Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Tanzania, ilisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30, baada ya katuni ya video kuhusu watu waliotekwa na kupotea. Mhariri mwingine akiona hivyo, hahitaji kuambiwa. Kwa hiyo mimi nikisoma gazeti la hapa najiuliza: jambo ambalo mtaa mzima unalizungumza, mbona humu halimo?

Kinyozi_Likoni:

Shukran, hasa wewe mama wa usiku. Lakini niongeze. Kuna mteja, mwalimu wa hesabu, bado ashikilia kwamba 2022 jumla ilitoka asilimia 100.01 na hiyo ya ziada ni kura 142,000. Asema ilisomwa kwenye TV na magazeti yote yaliandika. Hapo namjibu nini?

Meza_ya_Usiku:

Kweli ilisomwa. Makamishna wanne wa tume ya uchaguzi, Juliana Cherera akiwa msemaji wao, walikutana na wanahabari hoteli ya Serena siku moja baada ya tangazo na wakasema hivyo hivyo. Vyombo vikaripoti kwamba wamesema. Vilikuwa sahihi: wamesema. Ila mwalimu wako achukue chaki.

Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2. Asilimia moja yake ni 142,000. Wao walizungumzia asilimia 0.01, yaani sehemu ya mia ya hiyo: kura 1,400 na kidogo. Na hata hizo hazikuwepo. Ruto 50.49, Raila 48.85, Wajackoyah 0.44, Mwaure 0.23. Kila moja imekadiriwa hadi tarakimu ya pili, ukizijumlisha zinazidi kidogo. Kura zenyewe hazikuzidi. Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa kesi ya kupinga matokeo Septemba 5, majaji wote saba wakakubaliana, na hoja hiyo haikufika popote.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu hiyo ingemchukua mwandishi dakika mbili na kikokotoo cha simu, na taarifa nyingi za kwanza zilipita bila aya inayosema "lakini asilimia 0.01 ya milioni 14 ni 1,400". Waliandika nani kasema nini, wakaenda nyumbani. Kwa hiyo ukisoma tarakimu ndani ya nukuu ya mwanasiasa, ihesabu mwenyewe. Alama za nukuu zinathibitisha kwamba alitamka, basi.

Kinyozi_Likoni:

Ntamwandikia kwenye kioo kwa sabuni. Na hawa wa makala?

Meza_ya_Usiku:

Asiyekuwa na mstari wa chini asisome kwa sauti dukani. Mwambie alete kiungo, si picha. Remoti unayo wewe.

Bahari_Kuu:

Kinyozi, kesho nakuja kunyoa. Weka mpira.