Kufuma, kushona na bustani ya nyumbani hapa Dodoma: nianze na lipi?

Mkazi wa Ilazo ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nilihamia Dodoma kikazi nikitokea Dar es Salaam, na tangu nifike jioni zangu zimekuwa ndefu kuliko nilivyozoea, kwa sababu natoka ofisini Mtumba na kufika nyumbani jua likiwa bado halijazama, ilhali kule saa hizo ningekuwa ningali kwenye foleni. Ningependa kuutumia muda huo kwa kazi za mikono. Marehemu mama yangu alikuwa akifuma vitambaa vya makochi, na aliniachia cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ambayo bado ni nzima. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna kipande cha ardhi cha hatua nne kwa sita hivi ambacho mwenye nyumba ameniruhusu kukilima.

Nilianza yote matatu mwezi wa tano. Mchicha ulichipua vizuri kisha ukanyauka ndani ya wiki moja ya upepo. Cherehani inavuruga uzi chini ya kitambaa hadi kitambaa kinanasa. Sweta ya mwanangu, ambayo ninaifuma kwa sindano mbili, imekuwa pana kupita kipimo ingawa nilihesabu vitanzi kama nilivyoelekezwa.

Kila ninayemweleza habari hii huniuliza nitauza wapi. Sina nia ya kuuza. Nataka kutengeneza kitu kwa mikono yangu na kukifurahia nyumbani kwangu. Naomba ushauri: nianze na lipi, na nilikosea wapi?

Fundi wa Makole amejibu:

Pole na hongera, dada. Nitajibu la cherehani, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi.

Uzi unapovurugika chini ya kitambaa, wengi hukimbilia kukaza skrubu ya kibobini, yaani kile kikebe cha uzi wa chini, na hapo ndipo wanapoiharibu cherehani iliyokuwa nzima. Mara nyingi tatizo liko juu. Uzi wa juu hupita katikati ya visahani viwili vidogo vinavyoubana, na visahani hivyo hufunguka pale tu unapoinua kile chuma kinachokandamiza kitambaa. Ukipitisha uzi kikiwa kimeshushwa, uzi hukaa nje ya visahani, hakuna kinachouvuta, nao hurundikana chini. Kwa hiyo toa uzi wote, inua kile chuma, upitishe upya tangu kwenye kigurudumu chake, kisha kishushe kabla ya kukanyaga. Jaribu kwanza kwenye kipande cha nguo kuukuu. Vumbi letu la Dodoma nalo huingia kila mahali, hivyo futa sehemu ya kibobini kwa brashi ndogo kila baada ya kazi, weka tone moja moja la mafuta ya cherehani (ya kupikia hugandana), na uifunike usiku.

Kazi ya kwanza ninayokushauri ni kupinda kanga. Doti huuzwa vipande vyake viwili vikiwa bado havijatenganishwa, kwa hiyo unakata katikati, unakunja ncha mara mbili kwa upana wa nusu ya kidole, unapiga pasi mkunjo, ndipo unashona. Ni mstari ulionyooka tu, wala hakuna kipimo cha mwili cha kukosea, na ukimaliza una nguo unayoivaa siku hiyohiyo. Ukifika kwenye vitenge, vya pamba vifue kabla ya kukata, kwa sababu hupungua. Mimi nashona nguo za watu mchana kutwa, lakini Jumapili jioni ninaposhona foronya zangu mwenyewe, bila mtu kunisubiri mlangoni, ndipo ninapoikumbuka sababu iliyonifanya niipende kazi hii.

Mzee wa Nala amejibu:

Binti yangu, mchicha wako haukufa kwa sababu huna mkono wa kilimo. Ulipanda wakati ardhi yetu inaanza kufunga. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Ikiingia Mei, anga linakauka na upepo unanyonya maji kwenye udongo kuliko hata jua. Aliyezoea Pwani huinua matuta ili maji yasituame, lakini huku tunafanya kinyume chake: tunachimba kitalu kiwe chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja kimoja ili kila tone libaki humo, tunachanganya samadi iliyooza vizuri, kisha tunafunika udongo kwa nyasi kavu. Ukiinua nyasi hizo saa nane mchana na kugusa chini yake, utakuta udongo bado una ubaridi.

Jambo la pili ni mtungi. Nunua sokoni mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uuzike katikati ya kitalu hadi shingoni, ujaze maji na uufunike kwa kisahani ili mbu wasiingie. Maji hupenya taratibu kwenye ukuta wake na kuifuata mizizi. Panda kuuzunguka, umbali wa shibiri moja. Mimi wangu nauongeza maji kila baada ya siku mbili au tatu, na ninapoufunua asubuhi kutazama yamepungua kiasi gani, najua mimea imekunywa kiasi gani usiku. Sijui namna ya kukueleza utamu wa jambo hilo dogo. Angalia pia ukingo wa mtungi. Ukiona ukoko mweupe, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima, kwa hiyo wakati wa mvua acha maji ya mvua yaoshe udongo.

Kwa sasa usirudie mchicha mpaka uwe na mtungi na kivuli kidogo cha mchana. Panda bamia na kunde, ambazo huvumilia joto na ukavu. Mlenda usubiri Desemba, utaota hata bila kuubembeleza.

Mfumaji wa Kondoa amejibu:

Shikamoo Mzee. Dada, nakubaliana na waliotangulia, ila mimi ningeanza na kufuma, kwa sababu Juni na Julai baridi ya usiku inakuja na sweta itavaliwa.

Hukukosea kuhesabu. Idadi uliyopewa ilikuwa ya mkono wa mtu mwingine na uzi mwingine. Kabla ya sweta yoyote, fuma kipande cha vitanzi 30 kwa uzi na sindano zilezile, kilaze mezani bila kukivuta, kisha uhesabu ni vitanzi vingapi vimo katika sentimita 10. Ukipata 20, na sweta inatakiwa izunguke kifua kwa sentimita 60, unahitaji vitanzi 120. Ukipata 16, vitanzi hivyohivyo 120 vitakupa sentimita 75, na nadhani ndicho kilichokupata.

Ifumue. Najua inauma, lakini lugha yetu yenyewe imeweka kufuma na kufumua jirani kabisa, na uzi haupotei. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uulowanishe na kuutundika hadi unyooke. Ikiwa ni uzi wa nailoni, usiupige pasi, maana huyeyuka.

Kuhusu kuuza, niliwahi kupokea oda za sweta za shule, na kwa miezi sita sikufuma hata kitu kimoja nilichokichagua mwenyewe. Niliziacha. Anayekuuliza utauza wapi, mfumie kofia.

Mkazi wa Ilazo amejibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni sana nyote. Fundi, uzi ulikuwa nje ya visahani kabisa, kama ulivyosema. Jana nimepinda kanga mbili, ya kwanza mstari umeyumba na ya pili umenyooka. Mfumaji, nimepata vitanzi 15, na sweta nimeifumua. Mtungi nitaununua Jumamosi, ila naomba Mzee aniambie: kwa kitalu cha hatua mbili kwa mbili, unatosha mmoja?

Mzee wa Nala amejibu:

Marahaba, binti yangu. Weka miwili, kila mmoja katikati ya nusu yake. Na uchimbe kabla hujainunua, ili uizike mara tu ukiileta.