Sheli hatua kumi na moja kutoka jikoni kwangu: harufu ya usiku na maji ya kisima

Mama wa Chapati, Chamazi

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kukaa jirani na sheli au kufanya kazi humo.

Nakaanga chapati na vitumbua nyuma ya nyumba yangu Chamazi tangu 2014. Kiwanja cha jirani kilikuwa na miembe miwili na banda la mkaa. Kikauzwa, sasa ni sheli. Sisemi ni ya nani. Kutoka jikoni kwangu hadi ukutani ni hatua kumi na moja, nimehesabu, na ng'ambo ya ukuta kuna mabomba matatu membamba yaliyosimama juu, yana vikofia.

Mchana sina neno nao. Taa zao zimepunguza vibaka, na bodaboda wakija kujaza mafuta wananunua chapati. Shida ni usiku. Lori la mafuta linakuja saa nane au saa tisa, na huo ndio wakati ninaowasha mkaa. Muda si muda harufu imeingia mpaka kwenye unga. Mdogo wangu ni mjamzito, anatapika. Kitinda mimba wangu anaamka analia kichwa.

Halafu kisima. Tumekichimba kwa mkono, tunachota kwa ndoo. Tangu masika, ndoo ya kwanza ya asubuhi ina utando wa rangirangi juu, kama dimbwi la gereji. Mume wangu anasema ni kutu. Huenda.

Kabla ya ujenzi alipita kijana na karatasi nyumba kwa nyumba, nikasaini nikidhani ni mambo ya umeme, kumbe ni ya kuikubali sheli. Hilo ni kosa langu, msinichambe.

Harufu hii ni ya kawaida, au kuna kinachovuja? Na maji nikiyachemsha yanafaa?

Piga Dipu

Dada, nimesimamia sheli miaka tisa. Hayo mabomba ni ya kupumulia matangi. Tangi likipungua mafuta, nafasi inayobaki inajaa mvuke wa petroli. Lori likishusha lita elfu kumi, mvuke karibu ujazo huohuo unasukumwa nje kupitia mabomba hayo, isipokuwa pawe na mpira wa pili wa kuurudisha kwenye lori. Chungulia usiku uhesabu mipira. Ukiona mmoja, hiyo ndiyo harufu yako, hata kama hakuna tone linalovuja.

Kinachonitisha mimi ni mkaa wako! Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, unatambaa chini na kujikusanya kwenye mtaro, tena usiku usio na upepo ndio mbaya zaidi. Na petroli haisubiri joto: hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri bado inatoa mvuke unaoweza kushika moto. Hamisha jiko leo, malalamiko yatafuata.

Kuhusu kuvuja: kila asubuhi tulikuwa tunapima tangi na kulinganisha na mauzo. Upungufu unaojirudia siku hadi siku ndio unaosema kuna tundu. Vitabu hivyo wewe hawatakuonyesha. Mkaguzi wa EWURA, mamlaka inayosimamia biashara ya mafuta, anaweza kuvidai.

Kijana wa Lami

Mnapenda kulalamika. Sheli isipokuwepo mnalalamika foleni, ikiwepo mnalalamika harufu. Uza nyumba uhamie Mkuranga.

Bi Maabara

Kijana, nenda kanywe hayo maji kwanza.

Mama, kabla ya lolote chukua kijiti uchore ule utando. Ukivunjika vipandevipande kama utando wa chai ya maziwa iliyopoa, ni bakteria wa madini ya chuma, na mume wako hajakosea sana. Ukijiunga tena nyuma ya kijiti, ni mafuta.

Yakiwa mafuta, kuchemsha si dawa: unayatoa kwenye sufuria unayavuta puani. Vidonge vya maji ni vya vijidudu, havigusi petroli. Acha kuyanywa na kuyapikia. Sampuli ya kupimwa iweke kwenye chupa safi ya kioo, uijaze mpaka mdomoni pasibaki hewa, uiweke kwenye ubaridi, uipeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Peleka na ya kisima kilicho upande wa juu wa sheli, ili pawe na cha kulinganisha.

Ndani ya petroli kuna benzini, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la kwanza, yaani hakuna ubishi kwamba inasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya damu. Sikutishi kwamba mtoto ataugua. Dozi na miaka ndivyo vinavyohesabika. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulipima mabomba ya kupumulia ya sheli mbili, ukakuta yanatoa mvuke mara kumi au zaidi ya makadirio yaliyotumika kupanga umbali wa nyumba. Hatua kumi na moja ni karibu mno. Mjamzito alale chumba cha mbele.

Mama wa Chapati, Chamazi

Asanteni. Kijiti nimechora: utando umejiunga. Nimerudia kwenye ndoo tatu. Kisima cha jirani wa juu hakina kitu. Maji ya kunywa sasa tunanunua, madumu sita kwa siku, na faida ya vitumbua inaishia humo. Barua nimeipeleka kwa mtendaji, nakala NEMC, baraza la mazingira, na EWURA, na nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Sampuli inakwenda Jumatatu.

Jiko nimelihamishia mbele, barazani. Jana usiku nilipanda kwenye ndoo nikachungulia ukutani. Mpira ni mmoja. Dereva wa lori akaniona, akauliza chapati ziko tayari? Nikamwambia bado sijawasha, nasubiri umalize.