Urea kwenye ardhi ya maweni, na kisima kiko karibu: naomba ushauri

Mkulima_Makunduchi
Assalaam alaykum. Nalima tungule na mchicha Makunduchi, maweni matupu, udongo kiasi cha kiganja juu ya jiwe. Urea nairusha juu ya tuta jioni, nikishamwagia maji. Asubuhi harufu kali kama mkojo, na majani yanazidi kuwa manjano. Kisima cha kunywa kipo pembeni mwa matuta, na nyumbani pana kichanga wa maziwa ya chupa. Niongeze mbolea au niache?

BwanaShamba
Wa alaykum salaam. Usiongeze. Harufu hiyo ndiyo pesa yako inavyopotea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, lakini vimeng'enya vya udongoni huigeuza kuwa amonia, na kwenye udongo wa chokaa kama wenu amonia hupanda hewani upesi. Ifukie sentimita 5 kando ya shina, kisha mwagia maji kiasi. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, hairuki sana, ila nusu ya naitrojeni yake ni naitreti tayari (umbo la naitrojeni ambalo hata urea huishia kuwa udongoni), na naitreti haishikwi na udongo: maji yakishuka, inashuka nayo.

Hiyo njano inaanzia wapi? Ikianzia majani ya chini, mmea una njaa ya naitrojeni. Ikianzia majani machanga huku mishipa imebaki kijani, kinachokosekana ni chuma. Kimo udongoni, chokaa imekifunga.

Mkunga_Mjini
Ndugu yangu, mtoto kwanza. Peleka maji yapimwe naitreti. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya kichanga hushindwa kubeba oksijeni vizuri, midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu. Ukiona hivyo ni hospitali papo hapo. Na msitegemee kuchemsha! Vijidudu vinakufa, naitreti inabaki, tena inakolea maji yakipungua. Mpaka majibu yatoke, maziwa yakorogwe kwa maji ya kwengine.

Kijana_wa_Dole
Achana na chumvichumvi, tia samadi tu.

BwanaShamba
Samadi ni nzuri, hasa kwa udongo mwembamba usioshika maji. Lakini nayo ikioza hutoa naitreti ile ile. Usiirundike karibu na kisima, wala usiitie nyingi masika yakikaribia.

BiMwani
Na sisi wa pwani mtukumbuke jamani. Jiwe la maweni limetoboka, maji ya chini hayaishii kisimani, yanatokea ufukweni bahari ikikupwa. Naitreti ikizidi huku, majani ya utelezi hushamiri, yakazonga mwani wetu na kufunika matumbawe.

Mkulima_Makunduchi
Nimetazama: ni majani machanga, mishipa kijani.

BwanaShamba
Basi chuma. Yeyusha salfeti ya chuma gramu 5 kwa lita, nyunyizia majani jioni. Anza na miche michache, huweza kuunguza. Urea simamisha kwanza.

Mkunga_Mjini
Na maji umeshapeleka?

Mkulima_Makunduchi
Chupa ishajazwa, naipeleka kesho asubuhi inshaallah. Mtoto tumemchukulia maji kwa jirani wa mbali na mashamba.

Mkunga_Mjini
Ya huyo jirani nayo yapime. Jiwe ni lile lile.