Tupeane uzoefu: ukifungiwa mlango Unguja au Pemba, ulikwenda wapi?

Baraza_ya_Kona:
Assalaam alaykum wadau. Juzi saa tano usiku kijana wa miaka 20 kanipigia simu. Baba yake kasoma meseji zake na mwanamme mwenzake, kamtoa na begi la skuli na kandambili zilizokatika ugwe. Ananiuliza, "Kaka, nende wapi?" Mie nna miaka 41, nimekulia Ng'ambo, na jibu sikuwa nalo. Nikamwambia akae barazani karibu na taa, nikamfuata na vespa.

Sasa naomba kila aliyepita humo atwambie alishikwa mkono na nani. Matibabu, pa kulala, mtu wa kuzungumza naye, lolote. Msitaje jina la mtu, nyumba wala shehia. Mnajua sheria ilivyo, na mnajua tangu Novemba 2018 walipokamatwa wale wanaume kumi hotelini Pongwe, eti wanafungishana ndoa, watu wanaogopa hata kukata keki pamoja.

Fundi_Charahani:
Mie nashona nguo za maharusi na kupamba kumbi. Shughulini ni "shoga njoo, shoga kula, shoga nifunge mtandio". Ikimalizika shughuli, vijana wale wale waliobeba viti nilivyovipamba wananizomea njiani. Hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni hili. Mwaka juzi nilipata maradhi sehemu ya haja kubwa. Daktari kaniuliza nimeyapataje, nikamwambia kweli, maana daktari hafichwi. Akatoka. Akarudi na wenzake watatu, wawili hawakuwa na kazi yoyote chumba kile. Mmoja akaniuliza kama naswali. Karatasi ya dawa niliikunja, ikakaa mfukoni mpaka wino ukafutika. Miezi minne nikawa nanunua vidonge duka la dawa kwa kubahatisha: vya mkojo, vya tumbo, hata vya minyoo!

Aliyenitoa huko ni mwelimishaji rika mmoja, kijana mdogo kuliko mie. Kanipeleka kwengine, baada ya laasiri, foleni imeshakwisha. Nesi kwanza kafunga dirisha, kwa sababu nje alikaa mama wa mtaani kwetu. Kwenye kadi kaandika namba, jina hakuliuliza. Akataka kujua panauma wapi, tangu lini, na kama kuna dawa inayonidhuru. Basi. Sindano iliuma, lakini machozi yalinitoka nje, nimekaa kwenye ngazi, kwa yale maswali matatu tu.

Nesi_Mstaafu:
Fundi, umenigusa. Kufunga dirisha hakuandikwi kwenye mwongozo wowote, lakini ndiyo nusu ya kazi.

Mwaka 2007 walipimwa wanaume 509 hapa Unguja wanaolala na wanaume wenzao. Asilimia 12.3 walikuwa na virusi vya UKIMWI, na Zanzibar kwa jumla haifiki hata asilimia 1. Duru iliyofuata, 2011, ikaonekana asilimia 2.6. Hesabu hizi zina mambo yake, mwenye khofu haji kupimwa, sikatai. Lakini mie niliwaona vijana wale, waelimishaji rika, wakizunguka usiku na mikoba yao ya kondomu, wanajua nani kahama na nani kaacha dawa. Daktari haiwezi kazi hiyo hata akitaka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wawili ninaowajua waliambiwa wakae nyumbani, mmoja sasa anauza urojo.

Jengine, mulishike: mtu akilazimishwa, au kondomu ikipasuka, dawa ya kuzuia virusi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Usiseme utakwenda Jumatatu. Na aliyefanyiwa ukatili aulizie kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali kubwa wanacho.

Mpita_Njia:
Bibi, mie nilipigwa, nikafika hospitali, nikaambiwa nianzie polisi nikachukue PF3, ile fomu ya kutibiwa aliyeumizwa. Nikaeleze nini polisi? Nikarudi nyumbani na jicho langu.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, sema umepigwa, wapi, saa ngapi, na nani. Kwa nini kakupiga akaulizwe yeye.

Mkarafuu:
Naona yote mnayosema ni ya wanaume. Mie mwanamke, Pemba. Sheria ya mwaka 2004 wanawake haikutusahau, ilituwekea kifungu chetu na jela mpaka miaka 5. Kwenye huduma ndiko tulikosahauliwa. Hakuna mwelimishaji aliyewahi kunigongea mlango.

Nilipokataa mchumba wa pili, mama akajua. Akasema nna jini mahaba wa kiume, anawafukuza wanaume. Nikasomewa siku saba. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, nililinywa asubuhi na jioni, zafarani mpaka leo nikiinusa kwenye biriani nashindwa kula. Simlaumu mama, alitumia dawa aliyokuwa nayo. Siku ya nane nikapanda daladala mpaka Chake kwa shangazi yangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Shangazi kanitazama, katandika mkeka, kaniambia, "Lala, utanambia kesho." Kesho hakuuliza. Kesho kutwa hakuuliza. Nilikaa kwake miaka miwili, nikimsaidia kuchambua karafuu, na hajauliza mpaka leo.

Mkisema huduma, mie nafikiria ule mkeka.

Mzalendo_Halisi:
Haya mambo si ya kwetu, yameletwa na watalii. Mnawaharibu watoto.

Baraza_ya_Kona:
Aliyekaa barazani usiku ule kazaliwa Mnazi Mmoja, juzuu amma kaihifadhi chuoni kwa marehemu maalim wangu mimi. Mtalii hajamuona ila kwa mbali Forodhani. Karibu utusaidie pa kumlaza, kama ni mtoto unayemuonea uchungu.

Kwa wengine, ahsanteni. Kijana yupo kwangu siku ya tisa leo, nalala sebuleni. Jirani keshaanza kuuliza ni nani, nimesema mtoto wa ami kutoka Makunduchi. Haitakwenda mbali, kwa sababu jirani mwenyewe mtu wa Makunduchi. Kupimwa amekataa, nasubiri. Baba yake hapokei simu, lakini mama kaleta nguo kwa mlango wa nyuma, zimepigwa pasi. Anachotaka zaidi ni kazi, anasema mikono ikikaa bure kichwa kinamwenda mbio.

Fundi_Charahani:
Pindo anajua?

Baraza_ya_Kona:
Pindo hajui. Vifungo anatia.

Fundi_Charahani:
Mlete Jumatatu. Nna magauni sita ya shughuli moja, na kila moja lina vifungo ishirini mgongoni.