Mrejesho: arei ya OCaml iliyokuwa inaangusha programu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini foleni (muundo wa kupanga data kwa zamu) kwenye msimbo tuliorithi inapokea namba nzima vizuri, ila tangu tuhamie toleo la 5 la lugha ya programu ya OCaml ikipewa desimali programu inakufa ghafla. Chanzo ni `Array.make n (Obj.magic 0)` ndani ya foleni hiyo: inaumba arei (safu ya nafasi za data) iliyojazwa sifuri, na `Obj.magic` inaizuia kompaila kukagua aina ya data.

OCaml huhifadhi namba nzima n kama 2n+1. Biti ya mwisho ikiwa 1, mzoa taka (sehemu ya OCaml inayoondoa data isiyotumika tena) anajua hiyo si anwani ya kumbukumbu. Arei ikiumbwa kwa sifuri hupata lebo ya kawaida, inayomwambia mzoa taka akague kila nafasi, lakini kompaila ikishajua aina ni `float` (desimali) inaandika humo biti 64 mbichi. 2.5 ni 0x4004000000000000: biti ya mwisho ni 0, mzoa taka anaifuata kama anwani, kwisha habari.

Badala ya sifuri hiyo nimetumia `None` (nafasi tupu) na `Some` (nafasi yenye thamani). Kumbukumbu inaongezeka kidogo, lakini kwangu usalama kwanza. Majaribio yote yanapita.